Kumtetea mama si kumwanika



Niko na diploma ya chuo kikuu, kazi sina. Historia hiyo munaijua, wengi humu tuko nayo. Kitu nilichobaki nacho ni mdomo, na mdomo nao unaumiza watu.

Mwaka uliopita niliingia mu kambi moja ya deplase, Masisi. Mama mmoja akaniambia yaliyomupata njiani akitafuta kuni. Nikamupiga picha, nikaandika maneno makali, nikatuma ku WhatsApp. Nilijiona mtetezi kabisa. Siku tatu hazikupita, kambi nzima ilishamujua. Bwana wake akamufukuza. Nikarudi kumuomba musamaha. Hakunijibu, akaendelea kuchambua maharagi. Ile picha ingali inazunguka mu matelefone, siwezi tena kuirudisha.

Ni juu ya ile ninawakumbusha Luvungi. Tangu 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, ku barabara ya Kibua–Mpofi, mu Walikale, watu wenye silaha waliingia mu vijiji 13. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa: wamama, wababa, hata watoto. Walinda amani walikuwa na kambi pale pale Kibua, karibu kilometa 30 na Luvungi! Ntabo Ntaberi Sheka, mkubwa wa moja ya vile vikundi, alijitoa 2017. Kesi ilianza Goma Novemba 2018, na Novemba 2020 tribinali ya jeshi ikamupa kifungo cha maisha. Miaka 10 wahanga wakingoja.

Mbele ya majaji, kelele zetu haziwezi kusimama kama ushahidi. Kunatakiwa tarehe, kijiji, hesabu, na muhanga aliyekubali mwenyewe kusema. Sheka alihukumiwa, na majina ya wale wamama hatukuyahitaji sisi ku telefone zetu.

Basi kuanzia leo, mbele ya kutoa tangazo, tumuulize mwenye maumivu: unakubali? Unajua maneno yako yatafika wapi? Akikataa, tunyamaze, hata kama habari ni kubwa. Akikubali, sura yake na jina lake vibaki kwake. Na kama kijiji ni kidogo, kile ambacho kila mutu anamujua mwenziwe, tuseme tu groupement.

Barua ya kupeleka kwa oditora wa jeshi tutaimaliza kesho asubuhi. Nafasi ya majina nimeiacha wazi. Asiijaze mutu.