PANCHA MBALI NA MJI
Maneno ya hotuba kwa madereva na utingo wa njia za mawe na mchanga



Dereva wa mjini akipatwa na pancha hukasirika kidogo, akamwita fundi aliye kando ya njia, akakaa kivulini hata kazi ikaisha. Dereva aliye kati ya North Horr na Marsabit hana fundi, na mara nyingi hana hata kivuli. Alicho nacho ni kile alichokipakia garini, na maarifa aliyo nayo kichwani.

Na iwe mfano gari moja lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, limemchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, likaondoka North Horr kabla ya mapambazuko kwenda hospitali ya Marsabit. Njia yapita katika uwanda wa Chalbi, penye mchanga na chumvi, ikafika Kalacha na Maikona. Na baada ya Maikona yaja mawe meusi ya volkeno mpaka Bubisa, ilipo barabara kuu ya Moyale. Barabara hiyo kuu imetiwa lami, kazi iliyomalizika kabla ya mwaka 2018, lakini jiwe kali halijali kwamba lami iko karibu. Tairi likipasuka katikati ya mawe yale, dereva huweza kupoteza dakika ishirini, au huweza kupoteza siku nzima. Na yule mama hana siku nzima ya kupoteza.

Ajabu ni kwamba jambo hilo huamuliwa jana yake, gari lingali uani.

Kitu cha kwanza ni gurudumu la akiba. Madereva wengi hulifunga mlangoni nyuma au chini ya bodi, wakalisahau mwaka mzima. Upepo hutoka polepole hata katika tairi lisilo na tundu, na siku ya haja gurudumu hulegea kama mfuko mtupu. Kwa hiyo lapasa kupimwa pamoja na yale manne, asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto upepo wa ndani huzidi nguvu na geji husema uongo. Kipimo kinachofaa huandikwa na watengenezaji wa gari katika kibao kilichopo karibu na mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka usiofaa kupitwa, wala si kipimo cha kila siku; wengi hukosea hapo.

Ubavuni mwa tairi mna namba nyingine yenye faida. Mwisho wa mstari wa herufi mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini, ukaanza kupasuka vijufa vidogo vidogo, na muuzaji asiye mwaminifu aweza kulipaka rangi nyeusi tairi kuukuu likang'aa kama jipya. Namba, isipofutwa, haipakwi rangi ikabadilika.

Jaribio la pili ni la nati. Fundi wa mjini akikaza nati kwa mashine ya upepo, spana fupi iliyokuja na gari haiwezi kuzifungua, hata mtu mnene akisimama juu yake. Afadhali kulijua jambo hilo uani kuliko Maikona. Dereva mwenye busara hufungua kila nati kwa spana yake mwenyewe, akaikaza tena, na huchukua kipande cha bomba la chuma cha kuongeza urefu wa mkono wa spana.

Sasa, ni nini hasa kinachotoboa tairi? Mwiba wa mgunga husingiziwa mengi, nao kweli una kosa, hasa ukiwa mkavu. Ukuni wenye miiba ukitupwa njiani na mchungaji aliyekuwa akijenga boma hungoja gari kwa uvumilivu mkubwa. Lakini mwiba huacha tundu dogo lenye kuzibika. Adui mkubwa zaidi ni jiwe lenye makali likatalo ubavu, na mwenzake joto. Tairi lenye upepo haba likikimbizwa juu ya njia ngumu, ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila mzunguko. Kujikunja huko huzaa moto, moto huachanisha mpira na nyuzi zilizo ndani, na mwisho tairi hupasuka kwa kishindo. Ukiongeza mzigo wa magunia na abiria juu ya paa, siku hiyo hukaribia zaidi. Tairi zilizopasuka mbavu kwa namna hii hazina dawa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo upepo haba ni rafiki. Afisa mmoja wa Kiingereza, Ralph Bagnold, aliyesafiri kwa motokaa katika jangwa la Misri na Libya tangu miaka ya 1920, alionyesha kwamba gari hupita juu ya mchanga mwororo upepo wa tairi ukipunguzwa, maana tairi hutandaa chini likawa kama unyayo wa ngamia, wala halikati mchanga kama kisu. Kwa gari dogo la njia mbaya, watu wengi hushuka mpaka ratli 18 hivi kwa inchi ya mraba mahali pa mchanga. Mwendo uwe wa polepole na kona zisikatwe kwa ghafula, la sivyo tairi hutoka katika rimu. Na mara tu mchanga ukiisha, upepo urudishwe. Hapo ndipo madereva wengi hushindwa: huona uvivu kutoa pampu, hujiambia kwamba mji si mbali, wakaingia katika mawe na tairi zilizolegea. Katika mfano wetu, mahali pa kusimama na kutia upepo ni Maikona, kabla ya mawe meusi. Dakika kumi na tano za pampu hapo ni sehemu ya safari ya mama yule, wala si kuchelewa.

Basi tuseme yote yametendwa, na bado jiwe limeingia katika gurudumu la nyuma.

Dereva hasimami mahali popote tu. Hulipeleka gari polepole mpaka mahali pagumu na sawa, hata ikiwa tairi litaharibika zaidi kidogo, kwa kuwa tairi lina bei na mguu wa mtu hauna. Abiria wote hushuka. Na mgonjwa huteremshwa kwa utaratibu, akalazwa upande wa kivuli wa gari, mbali nalo hatua kadhaa, kamwe si chini yake. Mawe mawili makubwa huwekwa mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya pili.

Mawe hayo si adabu tu. Katika Land Rover za kale, tangu zile za kwanza za mwaka 1948 hata Defender zilizokoma kutengenezwa mwaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika mti wa chuma upelekao nguvu nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa hewani, hilo huweza kuzunguka upande huu na mwenzake aliye chini akazunguka upande wa pili, na gari likateleza kutoka juu ya jeki ijapokuwa breki imevutwa hata mwisho. Watu wameumizwa hivyo, nao walikuwa na hakika kwamba gari limefungwa.

Nati hulegezwa nusu mzunguko gurudumu lingali chini, ndipo jeki ipandishwe. Penye mchanga jeki huwekewa ubao mpana chini yake, ama sivyo huzama yenyewe na gari likabaki pale pale. Ile jeki ndefu ya kupandia, ambayo vijana huipenda, ina nguvu nyingi na hasira nyingi: mkono wake ukiponyoka huruka juu na kuvunja taya, kwa hiyo kichwa kisiwe juu yake hata kidogo. Gurudumu likiisha kutolewa, hulazwa chini ya fremu ya gari. Jeki ikianguka, gari litaangukia gurudumu, halitaangukia mikono ya utingo. Nati zirudishwe zile zenye upande wa mviringo mwembamba ukielekea rimu, zikazwe kwa msalaba, moja na ya pili iliyo mkabala, kisha zikazwe tena gari likiisha teremshwa.

Mpaka hapa ni kazi ya dakika ishirini, na gari laendelea. Lakini dereva sasa hana akiba, na huo ndio wakati wa hatari kuliko yote. Kwa njia ndefu akiba mbili si anasa.

Akipata pancha ya pili, itambidi kuziba mwenyewe. Ikiwa tairi ni lile lisilo na mpira wa ndani, na mwiba umeingia katika uso unaokanyaga njia, kazi ni nyepesi. Mwiba hung'olewa, tundu hukwaruzwa kwa chombo chenye meno, kisha uzi mnene wa mpira uliotiwa gundi husukumwa kwa sindano yake hata ncha mbili zikabaki nje, zikakatwa. Gurudumu halina haja hata ya kutolewa. Ziba hiyo ni ya kufikia mjini. Huko fundi atatia kiraka kwa ndani. Na ubavuni haifai kabisa, kwa kuwa ubavu hujikunja na kuutema uzi.

Tairi lenye mpira wa ndani lahitaji jasho zaidi. Upepo wote hutolewa, ukingo wa tairi hubanduliwa katika rimu, na watu wa nyika hutumia uzito wa gari lenyewe kwa kuweka jeki kati ya ukingo huo na bampa. Vyuma vya kufungulia huanzia karibu na valvu, huku upande wa pili ukikanyagwa ili ukingo uingie katika bonde la rimu. Asiyefanya hivyo atapigana na tairi mpaka jua lichwe. Tundu hutafutwa kwa maji ya sabuni, na mahali ambapo maji ni ya kunywa tu, kwa kupitisha mpira karibu na shavu lililoloweshwa mate: ngozi husikia upepo usiosikika sikioni. Msasa, solusheni, kungoja hata gundi isishike kidole, kisha kiraka. Kungoja huko ndiko watu wasikokuweza, na viraka vingi hubanduka kwa sababu hiyo. Kabla ya kurudisha mpira, ndani ya tairi hupanguswa kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu. Kitambaa kikikwama, mwiba ungalimo.

Madereva wa malori wana shauri lao peke yake. Rimu zao nyingine ni za vipande, zenye pete ya chuma ishikayo tairi. Pete hiyo ikikaa vibaya, na upepo ukatiwa, huruka kwa nguvu za kuua, na imewaua mafundi wengi katika nchi nyingi. Upepo wote hutolewa kabla pete haijaguswa. Mnyororo huzungushwa kuishika pete na rimu wakati wa kutia upepo. Na mtu husimama kando, mbali kadiri mpira wa pampu unavyomruhusu. Kadhalika, mchezo wa kurusha petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili ukingo ukae ufaao kuachwa kabisa. Kazi hiyo hufanywa kwa kamba iliyokazwa kuzunguka tairi na pampu ya kasi.

Ikiwa viraka vimekwisha na tairi halizibiki, majani makavu yaliyoshindiliwa ndani ya tairi kwa nguvu yamewafikisha watu vijijini, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Tairi hilo halitumiki tena baadaye.

Na kama hata majani hayapo, kama yasivyokuwapo katika sehemu nyingi za Chalbi, hakuna mtu wa kuliacha gari akaenda kutafuta msaada peke yake katika jua la mchana. Gari huonekana kwa mbali, mtu haonekani. Gari lina kivuli, na maji yamo ndani yake. Ndiyo sababu dereva wa mgonjwa, kabla ya kuondoka North Horr, humwambia mtu wa zahanati njia atakayoishika na saa anayotarajia kufika Bubisa, naye yule wa zahanati huiandika saa hiyo ukutani. Saa ikipita bila habari, gari la pili huondoka na magurudumu mawili na maji, likifuata alama za matairi ya kwanza.