Bolivia na bahari iliyopotea

Msikilizaji, Bolivia haina pwani, lakini ina jeshi la wanamaji. Boti zake hupiga doria katika Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na katika mito ya nyanda za mashariki. Pwani yake ilitwaliwa na Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na mkataba wa 1904 ukathibitisha hasara hiyo, ingawa uliipa Bolivia haki ya kupitisha shehena zake Chile. Mwaka 2018, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile hailazimiki kisheria kujadili suala la kuipatia Bolivia njia ya kufika baharini. Sheria imesema, uchungu haujaisha, na nauelewa.

Tukigeukia utawala wa nchi, rais wa Bolivia huchaguliwa kwa miaka mitano. Sucre ndio mji mkuu kikatiba, lakini serikali na bunge viko La Paz.

Ninachokiheshimu zaidi katika nchi hii ni katiba yake ya 2009. Inatambua lugha 36 za wenyeji, zikiwemo Kiquechua na Kiaymara, pamoja na Kihispania, na inaitaka serikali itumie angalau lugha mbili katika kazi zake.