Makopo Tuliyokuwa Tukiyatuma Muheza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, dada na kaka zangu, nanyi wanangu mliosafiri kutoka Muscat na Toronto hadi hapa Leicester,

Dakika nilizopewa nitazitumia kwa jambo moja: maziwa ya kopo.

Mwaka 1992, nikiwa bado mgeni katika nchi hii, mdogo wangu wa kike alijifungua kule Muheza. Nilimpelekea makopo manne, nami nikajiona kaka kweli kweli. Naye, kwa kuiheshimu zawadi, akapunguza kumnyonyesha mwanawe. Kopo la mwisho alilizidishia maji ili lifike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe ya kisima, hayakuchemshwa. Mtoto alihara hata akalazwa. Alipona, lakini maziwa ya mama yalikwisha kukauka.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Katika ujana wangu serikalini nilitumwa Iringa, kwenye mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi wao. Na mkoa huo wenye mahindi tele, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Uji mweupe mtupu hushibisha, haukuzi.

Miezi 6 ya mwanzo mtoto hahitaji ila ziwa la mama, hata maji hahitaji. Wa kulishwa ni mama: kisamvu, mchicha, kunde, dagaa, mayai. (Bibi zetu walikataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, tuwasamehe.) Chungwa la kwetu likiliwa pamoja na mboga huusaidia mwili kupata madini ya chuma, chai juu ya chakula huyazuia. Baada ya miezi 6, uji utiwe dagaa waliotwangwa au karanga, na papai liwe kando, huku akiendelea kunyonya.

Naomba basi fedha za makopo katika mfuko wetu apewe mama mwenyewe tangu ujauzito. Shangazi walioko nyumbani nao wafundishwe pamoja naye, maana wao ndio washika mwiko. Mama ambaye daktari amemzuia kunyonyesha, huyo simnyimi kopo.

Mdogo wangu anatarajia mjukuu mwezi wa nne. Ameniandikia: safari hii, kaka, lete nauli ya kliniki.