Dawa Iliyobaki Kwenye Chupa

  Uwe Muhoroni mjini, Koru, Chemelil au kule chini Ahero, vuta kiti tuzungumze.

Leo ninakuomba kwanza utazame mahali unapoweka dawa nyumbani. Je, kuna chupa ya dawa ya mtoto iliyobaki nusu? Labda uliiweka kwa nia njema, ukasema, "Akiugua tena sitahangaika." Mama, hatukulaumu. Dawa ni pesa, na wakati wa mvua njia ya kwenda hospitali ni matope matupu. Lakini chupa hiyo ndiyo mada yetu ya leo, na atakayetusaidia kuielewa ni mwanasayansi mmoja Mkenya.

Anaitwa Profesa Samuel Kariuki. Kwanza alisomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alisomea shahada ya uzamifu katika chuo cha magonjwa ya nchi za joto kule Liverpool, Uingereza. Kwa miaka mingi alifanya utafiti katika KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, ambayo pia ina kituo chake Kisian, hapa kwetu Kisumu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza bakteria wanaoitwa salmonela. Baadhi yao huleta homa ya matumbo, yaani taifodi. Wengine huingia katika damu ya mtoto mdogo na kumletea homa kali, pengine bila hata kuharisha.

Zamani taifodi ilitibiwa kwa dawa tatu za kuua bakteria: kloramfenikoli, ampisilini, na ile uliyoizoea kwa jina la Septrin. Dawa hizi na nyingine kama amoksilini huitwa antibiotiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kariuki na wenzake walichukua bakteria wa taifodi kutoka kwa wagonjwa wa Nairobi na kuwajaribu kwa dawa hizo maabarani. Wengi hawakufa tena. Hebu fikiria: mgonjwa amenunua dawa, amekunywa, na homa iko palepale. Hali hiyo huitwa usugu wa dawa.

Usugu hutoka wapi? Wewe unayelima miwa unajua. Ukipalilia juujuu na kuacha magugu yenye mizizi mirefu, hayo ndiyo yatakayotoa mbegu na kujaza shamba. Vivyo hivyo, antibiotiki ikitumiwa ovyo, au kwa kipimo kidogo, bakteria dhaifu hufa na wale wagumu hubaki na kuzaana. Kumbuka, anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo Kariuki na wenzake waligundua, nalo linaingia hadi jikoni kwako. Walikwenda katika nyumba za watoto wa Nairobi waliougua salmonela ya damu. Walichunguza wanyama na mazingira, na pia watu wa nyumbani. Wengi wangedhani kuku au mbuzi ndiye mwenye kosa. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba bakteria waliofanana na wale wa mtoto mgonjwa walipatikana zaidi kwa watu wa nyumba ile ile kuliko kwa wanyama. Walikuwa kaka, dada na wazazi, ambao wenyewe hawakuwa wakiugua.

Unaona, mama? Bakteria sugu hakai kwa mtu mmoja. Kutoka chooni hupita kwenye mkono, na kutoka mkononi hufika kwenye uji wa mtoto mchanga. Huku kwetu, Mto Nyando unapofurika, maji machafu ya vyoo huingia visimani na kumsambaza zaidi. Kwa hiyo nusu dozi ya leo kwa mtoto mkubwa inaweza kuwa tabu ya kesho kwa mdogo wake, au kwa mtoto wa jirani.

Sasa tuseme mtoto wako ameamka na joto. Ufanye nini?

Kwanza, usianze na ile chupa. Mpeleke apimwe malaria, maana eneo letu lina malaria nyingi, na antibiotiki uliyoweka nyumbani haitibu malaria.

Pili, usikubali haraka neno "ana taifodi kidogo." Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwenye maabara ndogondogo, mara nyingi huonyesha taifodi mahali ambapo haipo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuchukua damu na kuotesha bakteria maabarani. Huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Uliza kwa upole, "Daktari, mmejuaje kuwa ni taifodi?" Ni haki yako kuuliza.

Tatu, jua magonjwa yasiyohitaji antibiotiki. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kuharisha majimaji kwa mtoto hutibiwa kwa ORS na zinki, huku ukiendelea kumnyonyesha na kumlisha.

Lakini nisikilize vizuri, mama. Sisemi uziogope dawa hizi. Zinaokoa maisha kila siku. Mtoto akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akiharisha damu, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje. Kimbia hospitali mara moja. Pia homa isiyoisha baada ya siku mbili tatu ichunguzwe, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mtoto mwenye utapiamlo, selimundu au virusi vya Ukimwi yumo katika hatari zaidi ya salmonela ya damu, kwa hiyo yeye apelekwe mapema.

Huenda utasema, "Si nimwongezee kidogo tu, ya kumkinga?" Swali hilo watafiti wamelijaribu karibu nasi, katika hospitali za Homa Bay na Kisii. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2019, watoto 1,400 waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani walifuatiliwa kwa miezi sita. Nusu walipewa antibiotiki iitwayo azithromaisini kwa siku tano, na nusu wakapewa dawa ya mfano isiyo na kitu ndani. Mwishowe, waliopewa antibiotiki hawakupungukiwa na vifo wala kurudishwa hospitalini. Ya kuongeza tu haikuwasaidia.

Na ile chupa? Dawa ya unga iliyochanganywa na maji hudumu wiki moja au mbili tu, kisha nguvu huisha. Usimpe mtoto, wala usimwazime jirani. Irudishe kwenye kituo cha afya au kwa kemisti uwaulize jinsi ya kuitupa. Safari nyingine, mpe mtoto kipimo ulichoelekezwa, kwa saa ulizoelekezwa, hadi siku ya mwisho, hata kama ameanza kucheza. Ukiona haimsaidii, mrudishe kwa daktari. Usibadilishe dawa mwenyewe.

Kuna habari njema pia. Mwezi wa Julai 2025, Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, na baada ya kampeni hiyo ikaingizwa katika chanjo za kawaida za mtoto wa miezi 9. Unapokwenda kliniki, beba kijitabu cha mtoto na uulize kama ameipata. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na bakteria hapati nafasi ya kujifunza ukaidi.

Profesa Kariuki ametumia miaka mingi maabarani kutuonyesha jambo hili. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwetu: kuchemsha au kutibu maji, kunawa kwa sabuni tukitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto, na kuheshimu dawa. Kinga ni bora kuliko tiba.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Nyumbani kwenu dawa zilizobaki huwekwa wapi, na huishia wapi?
2. Ni dalili gani za mtoto zinazotaka kwenda hospitali bila kungoja?
3. Ukiambiwa mtoto ana taifodi, utauliza nini?