Kinga ya Kuanguka Ianzie Nyumbani

Maseno, magharibi mwa Kenya, ni eneo la mawe. Kutoka mlangoni hadi choo cha nje, mzee hupita kokoto, mizizi na, mvua za masika zikianza, utelezi. Mara nyingi usiku, bila taa. Hapo ndipo nyonga huvunjika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wanaoathirika zaidi.

Hospitali hupokea aliyekwisha kuanguka. Anayefika nyumbani mapema ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kundi la wahamasishaji 100,000 na kuwapa mikoba ya kazi, kipimo cha presha kikiwemo. Wafundishwe kukitumia hivi: mpime mzee akiwa amelala, kisha mpime tena akisimama. Presha ikishuka sana, huenda hicho ndicho chanzo cha kizunguzungu kinachomwangusha, na pengine dawa anazomeza zinachangia. Apelekwe kituoni zikaguliwe, asiambiwe aziache.

Mengine ni mepesi. Aketi kitini na kuinuka mara kadhaa kila siku, miguu ipate nguvu. Macho yachunguzwe. Njia ya chooni iwekewe ufito wa kushikilia. Hilo hata wajukuu wanaweza.

Wasiwasi wangu ni mzigo. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na mhamasishaji tayari anahudumia wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa malaria. Kaunti ikimwongezea wazee, basi impunguzie idadi ya nyumba.