Biashara na Serikali Dhalimu



Sisi wanasheria huulizwa mara nyingi: mfanyabiashara anayeiuzia serikali dhalimu bidhaa halali ana kosa gani? Mkataba umetiwa sahihi, kodi imelipwa, risiti ipo. Sheria haimshiki. Je, dhamiri nayo haimshiki?

Tuitazame Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi. Huko kila Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kubeba pasi, mfano wa kipande ambacho mkoloni aliwavisha babu zetu shingoni hapa Kenya. Aliyepatikana bila pasi alitiwa mbaroni. Mwaka 1960, mjini Sharpeville, polisi waliwaua kwa risasi watu 69 miongoni mwa umati uliokusanyika kuzipinga pasi hizo.

Pasi ilihitaji picha. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilitumika kupiga picha hizo. Wakadai kampuni iondoke Afrika Kusini. Kampuni ikajibu kwa hoja tunayoisikia hata leo: tukiondoka, maskini ndio watakaoumia, afadhali tubaki tulete mabadiliko. Mwaka 1971 iliahidi kutoiuzia serikali ile, kuboresha mishahara ya wafanyakazi Waafrika na kusaidia elimu yao. Mwaka uo huo, Bi. Hunter alifutwa kazi.

Hatuidharau hoja ile. Nyongeza ya mshahara hulisha watoto. Lakini mwaka 1977 ilifichuka kwamba wakala wa kampuni huko alikuwa akiiuzia serikali bidhaa zile kwa siri. Ndipo kampuni ilipojiondoa. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka 1986, baada ya wananchi kuzipinga kwa miaka mingi na kwa gharama ya damu.

Kanisa nalo lilijipima. Mwaka 1972 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliamua kuuza hisa zake katika makampuni yaliyofanya biashara kusini mwa Afrika. Lilitambua kwamba hata fedha za sadaka zaweza kuzaa faida kwa jasho la aliyefungwa.

Basi haitoshi kuuliza, "Biashara hii ni halali?" Tuulize: bidhaa hii itaishia mikononi mwa nani, naye atamtendea nani nini? Swali hili si la wakurugenzi peke yao. Ni la wakili anayeandika mkataba, mhasibu anayepitisha malipo, na mzee wa kanisa anayepokea mchango wa tajiri. Hunter na Williams hawakuwa wakurugenzi. Walikuwa waajiriwa waliokataa kufumba macho.

Pilato alinawa mikono mbele ya umati, lakini maji yale hayakuifuta hukumu aliyoitoa. Tusijidanganye kwamba risiti zetu zitatutakasa kuliko maji yake.

Mungu atujalie ujasiri.