Ubaguzi wa Rangi na Harakati za Kudai Haki: Mtazamo wa Kikristo



Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, George Floyd, mtu mweusi, alifariki baada ya askari polisi mzungu kumkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa. Watu waliandamana katika nchi nyingi duniani. Tangu hapo waamini wanatuuliza: je, Mkristo ashiriki harakati za namna hiyo, au ajitenge nazo kwa kuwa baadhi ya viongozi wake hawamtaji Mungu?

1. Msingi wetu

Sisi hatuanzi na siasa; twaanza na kitabu cha Mwanzo. Kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na sura hiyo haipungui wala haizidi kwa rangi ya ngozi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ubaguzi wa rangi hauna budi kuondolewa kwa kuwa unapingana na mpango wa Mungu. Basi ubaguzi si utovu wa adabu tu, ni dhambi. Nayo haikai moyoni peke yake, bali hujenga makao katika sheria, shule na mishahara. Kwa hiyo haitoshi kutubu kimoyomoyo na kuiacha sheria mbaya ikiendelea kutumika.

2. Kwanza tuungame

Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa 272, wengi wao Wakatoliki, wapelekwe mashamba ya Louisiana. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mwaka uliofuata Papa Gregori XVI alilaani biashara ya utumwa. Wajesuiti waliwaomba radhi hadharani wazao wa watu hao mwaka 2017, yaani baada ya miaka 179. Mafundisho tulikuwa nayo. Kilichopungua ni utii. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwadharau walio nje ya Kanisa wanapolilia haki. Huenda wanatukumbusha somo letu wenyewe.

3. Jinsi ya kupima

Hata hivyo, Mkristo hachezi kila ngoma inayolia. Papa Fransisko, tarehe 3 Juni 2020, alisema kwamba ubaguzi wa rangi hauvumiliki, na papo hapo akaonya kuwa vurugu humwangamiza yeye azifanyaye. Kipimo chetu ni hiki: aliyedhulumiwa, akishapata nguvu, atamtendeaje aliyemdhulumu?

Kipimo hiki tulipewa hapa kwetu. Oktoba 1961, miezi miwili tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Hasira yao ilieleweka, kwa maana Mwafrika alikuwa amewekwa daraja la mwisho katika nchi yake. Lakini Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu na Mkatoliki, alikataa katakata. Alisema kuwa kumbagua mtu kwa rangi ndilo jambo lile lile walilokuwa wakilipiga vita, na kwamba Bunge likikataa msimamo huo, serikali yake itajiuzulu. Alikuwa tayari kupoteza madaraka kwa ajili ya haki ya walio wachache.

Hivyo jibu letu ni hili: tushiriki pale haki inapodaiwa kwa njia ya haki, na tujitenge pale chuki inapogeuzwa kuwa silaha. Kukaa kimya kwa kisingizio cha kulinda imani, huko si kulinda imani.

4. Na sisi je?

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Twamlilia ndugu yetu wa Minneapolis, na huku twamkataa mchumba wa binti yetu kwa sababu ya kabila lake, au twamwita jirani mgeni ingawa alizaliwa hapa. Dhambi ni ile ile. Imebadili vazi tu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Ni nani katika mtaa wetu anayetengwa kwa rangi au asili yake?
2. Tuna desturi gani inayomtenga, na nani ataanza kuivunja?
3. Tukipewa madaraka kesho, tutawatendeaje waliotudharau?